Ramani ya Baba na Ukuta Nilioufunga

Ramani ya Baba ina upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 80. Siku Mama alipoigusa kwa ncha ya kidole, pale penye pwani ya Msimbati, pwani ilimganda kidoleni kama unga wa muhogo uliolowa. Alinipigia simu Lindi jioni ile ile. Hakuanza na ramani, aliuliza habari za watoto, za kazi na za barabara kama inapitika, ndipo akasema, "Mwanangu, ile kazi ya baba yako inayeyuka. Njoo uione kabla haijawa uji."

Ilikuwa Mei 2024, siku chache baada ya kimbunga Hidaya, kile kilichoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam kule Somanga. Niliomba ruhusa shuleni, nikapanda basi la asubuhi, na katika kilomita 100 hivi za kutoka Lindi hadi Mikindani nilikuwa nimekwisha kumpata mkosaji: kimbunga kimefunua bati, bati limepitisha maji, maji yameiangukia ramani. Nafundisha kemia sekondari, na mtu wa kemia hupenda kuamini kwamba huona sababu mapema kuliko wenzake. Basi niseme mapema kwamba bati lilikuwa zima, na mkosaji alikuwa abiria wa basi lile.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Mwaka 1979, yeye na wanafunzi wake wa kidato cha tatu walitengeneza ramani ya mwinuko ya kusini mwa Tanzania, kutoka Mto Rufiji hadi Mto Ruvuma, kwa plasta iliyomiminwa juu ya gunia la katani ndani ya fremu ya mbao. Katani haikuwa adimu. Mkonge wa mashamba ya Lindi ulikuwa karibu. Mito ilichorwa kwa ncha ya msumari wakati plasta ingali mbichi: Matandu, Mbwemkuru, Lukuledi inayoingia baharini Lindi, na Ruvuma mpakani. Uwanda wa Makonde umeinuka kama mkate uliokatwa upande mmoja, na Newala imewekwa ukingoni kabisa, mahali ambapo ardhi inaporomoka kuelekea Ruvuma, kama ilivyo kweli. Milima ya mawe ya Masasi ni kokoto halisi zilizopachikwa. Tendaguru, kilipo kilima cha mifupa ya dinosaria, pamechimbwa kishimo kinachotosha punje moja ya mtama, kikatiwa rangi nyekundu. Msimbati pana jina tu, kwa kuwa gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na Baba hakuona haja ya kuirudia kazi yake kwa sababu ya gesi.

Ili msomaji aelewe kwa nini pwani inaweza kumganda mtu kidoleni, inabidi nieleze kidogo plasta ni kitu gani. Malighafi yake ni jasi, ambayo mafundi huiita jipsamu, jiwe laini unaloweza kulikwaruza kwa ukucha, ambalo kwetu linachimbwa wilayani Kilwa na hutiwa kiasi kidogo katika saruji ili isigande upesi mno. Chaki nyingi tunazoandikia ubaoni ni jasi hiyo hiyo. Ndani ya jiwe hilo kuna maji yaliyofungwa kikemia, molekuli mbili za maji kwa kila moja ya kalsiamu salfeti. Ukilichoma kwa nyuzijoto kati ya 120 na 180, linapoteza robo tatu ya maji hayo na kubaki unga mweupe. Ukiurudishia unga maji, unayanywa, unapata joto unaloweza kulihisi kwa kiganja, na kugeuka tena jiwe, safari hii kwa umbo la sindano ndogo ndogo za fuwele zilizoshikana kama miba ya mchongoma.

Hapo ndipo penye udhaifu wake. Gramu 100 za unga zinahitaji kama gramu 19 tu za maji ili zigeuke jiwe, lakini mchanganyiko huo ungekuwa mkavu kiasi kwamba hauwezi kumiminwa, hivyo mafundi hutia gramu 60, 70, wakati mwingine 80. Maji yaliyozidi hukauka na kuondoka, na kila mahali yalipokuwa hubaki tundu. Kipande cha plasta kinachoonekana kizito na kizima, kwa hiyo, kinakaribia kuwa nusu hewa, na vitundu vyake vyote vina njia ya kwenda kwa jirani. Kikigusana na unyevu kinanyonya kama andazi linavyonyonya chai. Kikisha kunyonya kinapoteza kama nusu ya nguvu yake, hata kama kwa macho hakijabadilika. Tena jasi yenyewe huyeyuka majini: lita moja ya maji huchukua gramu mbili na kidogo. Gramu mbili ni ndogo, lakini chokaa iliyokwisha kukomaa ukutani haifiki hata sehemu ya mia moja ya hiyo. Tone likipita mahali pamoja msimu baada ya msimu, linaondoka na kitu kila linapopita, na kwanza linaondoka na vile vilivyo vyembamba: mstari wa mto, herufi, alama ya kucha.

Nilipofika nilimkuta jirani yetu, kijana anayetengeneza dari na mikanda ya jipsamu pale Mtwara mjini, amekwisha kuitwa na Mama na amesimama mlangoni bila kugusa chochote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Tuibebe tuitoe nje?"

"Usiinue, Mwalimu. Ikinywa maji hivi ni kama muhogo uliochemka. Ukiushika katikati unabaki na vipande viwili na lawama."

Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mikono. Yeye alitafuta ubao wa mlango wa zamani uliokuwa uani, akauinamisha mbele ya ramani, tukailaza fremu juu yake polepole kama mnavyomlaza mgonjwa, huku Mama akishika pembe ya juu na kutuhesabia. Kisha tukaitelezesha juu ya kitanda cha kamba tulichokitandika chandarua kikuukuu. Kitanda cha kamba halikuwa wazo langu pia. Mimi ningeilaza mezani. Lakini meza ingeziba mgongo wa ramani, na mgongo, kama nilivyokuja kuona baada ya dakika chache, ndio ulikuwa umebaki njia pekee ya maji kutoka.

Kwa sababu mbele nilikuwa nimepaziba mwenyewe. Mwaka 2021, miaka miwili baada ya Baba kufariki, nilikuja na kopo la vanishi nikaipaka ramani nzima mikono miwili ili ing'ae na, kama nilivyomwambia Mama kwa kujiamini, "isiingie unyevu." Likizo ile ile nilimlipa fundi abandue lipu ya chokaa iliyokuwa ikimomonyoka katika ukuta wa sebule na kupiga lipu ya saruji, juu yake rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi kongwe za Mikindani, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, haina msingi wa zege wala utando wa kuzuia maji ya ardhini. Ukuta ulipendeza. Ramani ikarudishwa juu ya kibao chake cha chini, ikaegemezwa ukutani, mgongo ukigusa rangi mpya.

Tulipoinama kuchungulia kupitia kamba za kitanda, hadithi yote ilikuwa imeandikwa mgongoni. Sehemu ya juu ilikuwa kavu na nyeupe. Kuanzia katikati kulikuwa na mstari wa rangi ya chai uliokwenda kama ukingo wa bahari ilipokomea, na chini ya mstari huo gunia lilikuwa jeusi kwa unyevu. Katika mstari wenyewe kulikuwa na nywele nyeupe laini, ndefu kama nusu ya ukucha, zilizokatika nilipozipulizia. Maji ya paa huacha madoa yanayoshuka. Haya yalikuwa yamepanda. Niligeuka kuutazama ukuta. Rangi ya mafuta ilikuwa imetunga malengelenge hadi usawa ule ule, na nilipolitoboa moja kwa kalamu lilitoa unga mweupe na tone la maji.

Ukuta wa matumbawe unakunywa maji kutoka ardhini siku zote. Umekunywa tangu ulipojengwa. Kuta hizo hazikuoza kwa sababu lipu ya chokaa ina vitundu vingi na huyaachia maji yatoke kama mvuke karibu na sakafu, kimya kimya, kila siku ya upepo. Saruji ni nzito kuliko chokaa na rangi ya mafuta ni ngozi. Maji yaliyozoea kutokea usawa wa kifundo cha mguu yalikuta mlango umefungwa, yakaendelea kupanda yakitafuta mwingine, na wa kwanza kuupata ulikuwa mgongo wa ramani, wenye kiu na ulioegemea pale pale. Yalipoingia ramani yakaelekea mbele, yakakuta vanishi. Kimbunga kilichangia hili tu, kwamba kililowesha ardhi kupita kiasi na kuharakisha jambo ambalo lilikuwa likiendelea kwa miaka mitatu nyuma ya mgongo wa Baba.

Hapa naomba niwe mkali kidogo juu ya neno moja. Huku kwetu ukuta ukianza kutoa unga mweupe na rangi kubanduka, kila mtu, hata muuza rangi, husema una fangasi, na dukani utauziwa dawa ya fangasi. Fangasi zipo, nitazifikia. Lakini ule unga mweupe mara nyingi ni chumvi, kile wazee walichokiita shura, na tofauti si ya maneno tu, kwa kuwa dawa inayoua kiumbe hai haiwezi kuiua chumvi. Kipimo chake ni rahisi: chota kidogo, kitie katika tone la maji. Chumvi huyeyuka na kutoweka. Ukungu hubaki na kuelea.

Chumvi ya bahari ina tabia inayoufanya mwambao kuwa mahali pabaya kwa plasta kuliko bara. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi huvuta maji hewani na kuwa kimiminika. Ukishuka chini ya hapo, hurudi kuwa fuwele. Hewa ya Mikindani na Lindi hucheza juu na chini ya namba hiyo, pengine mara kadhaa kwa wiki, usiku ikipanda na mchana wa upepo ikishuka. Kila fuwele inapojengeka ndani ya tundu husukuma kuta za tundu hilo. Kwa hiyo kitu chenye chumvi kinaweza kumomonyoka bila kulowa hata tone moja la mvua, na ndiyo maana nasikitika kila nionapo mtu anajengea mchanga wa ufukweni kwa kuwa haulipiwi.

Ushauri wa kukausha ulikuja kutoka pande zote za mtaa. Shangazi alisema iwekwe juani, adhuhuri moja ingetosha. Mwingine alisema jiko la mkaa chini ya kitanda. Nilikataa yote mawili, na safari hii nilikuwa na haki. Jua hukausha uso kabla ya kiini, hivyo uso husinyaa na kupasuka, na chumvi yote hukimbilia juu ambako ndiko kuna michoro. Moto ni hatari zaidi: plasta ikikaa katika joto linalozidi nyuzi 50 hivi, huanza kupoteza yale maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, na ikifika huko inageuka unga, na michoro yake hairudi tena. Tuliiweka chumba cha nyuma, madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi mchana na kufungwa magharibi kabla umande haujashuka. Kusi ilikuwa imeanza, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo huo ukawa ndio fundi mkuu.

Vanishi ilibidi itoke mapema, ili mbele nako pafunguke. Mahali ilipokwisha kuvimba niliibandua kwa kibano cha maabara. Mahali iliposhika niliilainisha kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikijaribu kwanza pembeni, kwenye Bahari ya Hindi, ambako rangi ni ya buluu tupu na kosa lisingeonekana. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi nne kwa eneo la viganja viwili hivi kila siku. Sioni njia ya kuiharakisha.

Nilijuaje kwamba imekauka? Mkono hudanganya, kwa sababu plasta ni ya baridi hata ikiwa kavu. Njia ya uhakika ni kupima uzito mpaka uache kushuka. Jirani anayenunua korosho alituazima mizani yake ya kuning'iniza, na mara plasta ilipokuwa imeshika nguvu ya kutosha, wiki ya pili, tukafunga kamba nne kwenye fremu na kuinyanyua shubiri moja tu juu ya kitanda. Kilo 27 na gramu 100. Mwisho wa Juni ilikuwa kilo 24. Katikati ya Agosti ilifika kilo 22 na gramu 600, na wiki mbili baadaye mshale ulisimama pale pale. Zilitoka lita nne na nusu za maji, bila kuhesabu yaliyoondoka kabla ya pimo la kwanza; maji ya kutosha kuwapikia chai wageni ishirini yalikuwa yamejificha ndani ya kitu ambacho Mama alikuwa akikifuta vumbi kila Ijumaa.

Ukungu halisi ulikuwepo pia, madoa ya kijivu upande wa Rufiji. Huu huondolewa ukiwa mkavu, nje ya nyumba, kwa brashi laini ya rangi, umejifunga barakoa na unapigia upepo uelekee mbali nawe, kisha unapita na pamba iliyoguswa tu na spiriti. Wengi hukimbilia jiki. Jiki ni maji, na plasta imekwisha kunywa ya kutosha. Kisha, inapomaliza kazi yake, huacha chumvi, chumvi ile ile tuliyoipiga vita. Doa litakuwa limepauka, na mgonjwa amelishwa sumu.

Zile nywele nyeupe za mgongoni nazo hufagiliwa zikiwa kavu. Kuziosha ni kuzirudisha ndani.

Kujaza mapengo ndiko kulikonifundisha heshima. Pwani ya Msimbati, mdomo wa Ruvuma na kipande cha Lukuledi vilikuwa vimepotea. Wazo la kwanza la kila fundi wa nyumba ni kuchukua saruji nyeupe, kwa kuwa ni ngumu. Saruji na jasi katika unyevu ni maadui: salfeti ya jasi hugombana na alumina iliyomo ndani ya saruji na kuzaa fuwele mpya zinazovimba, na kiraka hujisukuma chenyewe kutoka mahali pake. Plasta hutibiwa kwa plasta. Jirani yangu alileta poda yake ya mikanda ya dari, akanionyesha kulainisha kingo za pengo kabla ya kujaza, kwa sababu plasta kavu hunyonya maji ya plasta mbichi kabla haijaganda na kiraka kinabaki unga. Mimi nilichangia kitu kimoja cha darasani. Badala ya maji matupu tulilainishia maji yaliyokwisha kushiba jasi: unatikisa unga wa plasta iliyokwisha kuganda ndani ya chupa ya maji ya mvua, unauacha utuame usiku, unatumia maji ya juu. Maji yaliyoshiba hayana nafasi ya kuyeyusha michoro. Fundi aliinusa chupa, akaitikisa, akasema, "Kumbe na nyinyi walimu mna uganga."

Mahali palipokuwa na msumari wa chuma ndani ya plasta palikuwa na doa la kahawia na ufa wenye umbo la nyota. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo msumari unaooza hupasua kutoka ndani. Tuliung'oa mmoja, wa pili ulikuwa chini ya Newala, nikauacha, kwa kuwa kuutoa kungemaanisha kuibomoa Newala.

Kwa sehemu za uso zilizokuwa zikitoa unga, wahifadhi wa makumbusho hutumia akriliki iitwayo Paraloid B-72, punje zinazoyeyushwa katika asetoni na kupakwa nyepesi sana, asilimia tano au chini. Sifa yake kubwa ni kwamba asetoni ile ile inaweza kuiondoa baadaye. Gundi nyeupe ya mbao inapatikana kila duka la Mtwara na watu huizimua na kuipaka, lakini ikikauka inakuwa ngozi kama vanishi yangu, na kuitoa ni kuutoa uso nayo. Nilisubiri mwezi mzima rafiki anitumie gramu 50 za punje zile kwa basi, na kwa eneo la ramani nilitumia chini ya nusu yake, tena mahali pale tu palipokuwa pakitoa unga.

Likabaki swali la rangi. Nipake kiraka kifanane kabisa na Baba, au kionekane? Nilijikuta nikikitazama kishimo chekundu cha Tendaguru. Wajerumani walichimba huko kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi hadi Lindi, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, na mnyama mmoja akasimamishwa Berlin mwaka 1937; tangu alipopangwa upya mwaka 2007, kichwa chake kiko mita 13 na sentimita 27 kutoka sakafuni. Mnyama yule hakutoka ardhini akiwa mzima. Sehemu zilizokosekana ziliumbwa kwa plasta. Mtu anayesimama chini yake ana haki ya kujua kipi ni mfupa wa Tendaguru na kipi ni mkono wa fundi wa Berlin. Niliamua viraka vyetu viwe chini kidogo ya uso wa zamani, kwa unene wa ukucha, na rangi yake iwe hafifu kidogo. Ukisimama mlangoni huvioni. Ukisogea, unajua kwamba mdomo wa Ruvuma si kazi ya 1979.

Haya yote yangekuwa bure kama ukuta ungebaki ulivyo. Septemba tuliibandua saruji kwa nyundo na patasi, kuanzia sakafuni hadi mita moja na nusu, na saruji ilitoka na ngozi ya matumbawe, jambo ambalo sikulipenda na ambalo nalilipia mimi. Kisha tukauacha ukuta uchi. Mama alipokea wageni mbele ya mawe matupu kwa miezi miwili na kuwaambia wote kwamba Mwalimu anafanya utafiti. Tulitumia chokaa ya mfuko, kwa kuwa kuchoma matumbawe kama zamani kunamaliza miamba ambayo samaki wanaihitaji, tukailoweka katika pipa wiki kadhaa hadi ikawa laini kama samli, tukachanganya moja kwa tatu na mchanga wa mtoni uliooshwa. Tabaka lilikuwa jembamba, sentimita moja hivi kila safari, likinyunyiziwa na kufunikwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, maana chokaa haikomai kwa kukauka. Inakomaa kwa kurudishiwa ile hewa ya kabonidioksidi iliyofukuzwa tanurini, na hewa hiyo huingia vizuri penye unyevu kidogo. Juu yake tulipaka chokaa tupu.

Wapo watakaosema chokaa ni udhaifu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ulianza kujengwa karne ya 11, ni matumbawe na chokaa. Magofu ya kisiwa hicho na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini 2004, na kutolewa humo 2014 baada ya kazi ndefu ya kuyakarabati. Mlinganisho wangu na sebule ya Mama ni wa kujikweza, nakubali. Lakini jiwe ni lile lile na bahari ni ile ile.

Lipu mpya ina unga kidogo ukiiegemea, na baada ya masika kuna mstari hafifu wa shura kama shubiri moja kutoka sakafuni, ambao Mama huufagia pamoja na mchanga. Ramani imerudi sebuleni, imesimama juu ya kibao chenye miguu, vipande viwili vya mbao vikiitenga na ukuta kwa upana wa kiganja. Machi 2025, mvua zikiwa zimekolea na nyumba nzima ikinuka udongo, nilikwenda tena kwa jirani kuazima mizani. Kilo 22 na gramu 800. Nilipoishusha, Mama alipitisha mkono nyuma, katika nafasi ile ya kiganja, akaupapasa mgongo wa ramani na ukuta kwa pamoja, mmoja kwa kiganja na mwingine kwa mgongo wa mkono, akauleta mkono usoni kuutazama. Ulikuwa mkavu, na una vumbi la chokaa upande mmoja.